Karibu Iliyomtoka Adelina

Kama kuna mtu aliyewahi kuingia kwenye misa ya Kiswahili hapa Toronto na gauni la kitenge lililoshonwa likashoneka, na chini yake mabuti ya kupandia milima, basi mtu huyo ni Adelina. Wema, binti yake, ndiye aliyemwambia kwamba buti jipya huvaliwa wiki nyingi kabla ya safari ili lizoeane na mguu, la sivyo malengelenge yatamliza mtu siku ya kwanza. Adelina kazini husimama kutwa akipanga vyakula vya abiria wa ndege, na jioni akifika mtaani kwake Weston nguvu iliyobaki humtosha kufika kwenye lifti tu. Akaona Jumapili ndiyo nafasi yake. Akafunga kamba vizuri, akaenda kanisani, na waumini wakamtazama miguu kuliko walivyomtazama padri.

Wacheke tu. Hawakujua mabuti yale yalikuwa na kazi gani.

Wema ni mtoto wake wa pekee, ana miaka kumi na saba, na ifikapo Septemba anahamia Halifax kusoma chuo. Tangu baba yake, Nicolaus, afariki, sasa ni miaka miwili, hajamjibu mama yake vibaya hata mara moja. Na hiyo ndiyo shida yenyewe. Humjibu vizuri, kwa Kiingereza, neno moja au mawili, kama mtu anayemjibu karani wa benki. Vyombo anaosha bila kuambiwa. Akitoka anaaga. Mlango wa chumba chake huufunga taratibu, na Adelina angetoa chochote siku moja abamiziwe mlango huo mpaka picha za ukutani zianguke.

Sababu aliijua, ingawa hawakuwahi kuitaja. Nicolaus alianguka kazini na hakuinuka tena. Ukoo ukataka mwili urudi Bukoba, ukazikwe kibanjani, kwenye migomba ya kwao, na juu ya hilo hapakuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa juu ya Wema, na aliyeumaliza ni Domitila, dada mkubwa wa marehemu, anayekaa North York. Alisimama katikati ya sebule ya wafiwa, akasema, "Mtoto abaki. Ana mitihani, na misiba ya kule haiwezi." Adelina akaitikia kwa kichwa. Wema akaachwa kwa familia moja ya kanisani, akayatazama mazishi ya baba yake kwenye simu, picha ikikwama na kurudi, kurudi na kukwama.

Asiyemjua Domitila atauliza kwa nini mama mzima alinyamaza. Domitila ndiye aliyewapokea Adelina na mumewe uwanja wa ndege theluji ikianguka, wao wakiwa wamevaa sweta za Bukoba. Ndiye aliyewalaza sebuleni kwake mwaka mzima bila kuuliza wataondoka lini. Mtu aliyekuvika koti lako la kwanza la baridi humkatalii hivi hivi. Adelina alilelewa hivyo, na wengi wetu tumelelewa hivyo, kwa faida na kwa hasara.

Basi mwezi wa pili mwaka huu, wakiwa mezani, Wema akatamka sentensi nzima. Baba yake alisoma seminari, na Kifaransa alifundishwa na padri mzee wa Auvergne, sehemu ya milima katikati ya Ufaransa, aliyependa kuwasimulia vijana wale habari za kwao: ng'ombe wekundu, jibini zilizowekwa kwenye mapango, njia za mawe zinazotoka kijiji hadi kijiji. Nicolaus alipomfundisha binti yake Kifaransa, alimpa na vijiji vile humo humo. Sasa Wema alitaka wakazitembee njia hizo kwa miguu, mwezi wa saba, wiki moja, wakilala katika nyumba za watembeaji.

"Mimi na wewe," alisema kwa Kiingereza chake. "Wawili tu. Akiongezeka mtu, mimi siendi."

Adelina hakuhitaji kufafanuliwa. Mtoto aliyenyimwa kaburi alikuwa akitafuta mahali pengine pa kumwombolezea baba yake, na alikuwa amemchagua mama yule yule kuwa mwenzake. Alikubali kabla chai haijapoa.

Kuanzia hapo meza ya chakula ikawa ya ramani. Na kila Jumamosi walishuka kwenye njia iliyo kando ya Mto Humber, mabegi mgongoni, ndani ya mabegi mifuko ya unga wa sembe ili mabega yajifunze uzito. Jumamosi za mwanzo walitembea kimya kama watu wanaokwenda kituo cha polisi. Halafu Wema akaanza kuuliza. Baba alikuwa mtoro seminari? Aliachana lini na yule padri akaanza kukuandikia wewe barua? Adelina alijibu kwa uangalifu, kidogo kidogo, kama anayemlisha ndege mkononi. Kila alipofika nyumbani alimshukuru Mungu kwa sentensi alizopewa siku hiyo.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya mabuti. Baada ya misa watu walikuwa ukumbini wakinywa chai na maandazi. Wema hakuwepo. Domitila akamfikia Adelina na kikombe chake, akamwangalia chini, akamwangalia juu.

"Mama Wema, hayo ya miguuni ni ya nini? Umeandikishwa jeshi?"

Adelina akacheka, akamweleza: Ufaransa, Julai, kutembea vijijini. Angeishia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa, na ulimi wa mtu aliyelelewa kwetu una mazoea yake. Anayekula humwambia apitaye karibu. Anayekwenda arusini humwambia aliyemkuta njiani karibu. Naye anayekaribishwa, kama amefunzwa, hujibu asante, nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma. Ni mchezo wa watu wawili, na Adelina alicheza upande wake bila hata kufikiri.

"Karibu, wifi, twende wote."

Domitila akaweka kikombe chini. "Nimekaribia," akasema. "Tena nashukuru. Nilidhani mmenisahau."

Wamama waliosimama pale wakafurahi, wakasema hivyo ndivyo ndugu wanavyotakiwa kuishi. Adelina alitabasamu nao, akalirudisha andazi kwenye sahani. Kabla wiki haijafika katikati, Domitila alikuwa ameshamtumia picha ya mabuti yake mapya, makubwa kuliko ya Adelina na ya bei.

Mtu mwenye akili angemwambia Wema siku ile ile. Adelina akasubiri. Alijiambia kwamba wifi yake ni mtu wa magoti mabovu, labda yatamkumbusha umri wake. Akafikia hatua ya kuyaombea magoti yale yaume kidogo, Mungu amsamehe. Usingizi ukamtoroka. Kila Wema alipofungua ramani mezani, yeye aliinuka kwenda kukoroga sufuria isiyokuwa na kitu cha kukorogwa.

Ijumaa jioni Wema akamwambia kwamba kesho wakirudi kutoka mazoezini atathibitisha malazi yote; nyumba ya mwisho, ile ya juu mlimani, imebakiza chumba kimoja chenye vitanda viwili. Alisema hivyo akitabasamu. Adelina hakukumbuka mara ya mwisho kuuona mwanya ule wa Nicolaus kwenye meno ya binti yake. Akafungua mdomo aseme, na simu ikaita. Alikuwa Domitila.

"Nimesikia mnafanya mazoezi mtoni. Kesho nakuja. Si mnaanzia darajani?"

"Karibu," akasema Adelina. Naam, alisema tena.

Asubuhi yake walikuwa darajani wakikaza mikanda ya mabegi Domitila alipotokea juu ya mteremko, suti ya michezo imenyooshwa pasi, chupa ya chai mkononi. Alipunga mkono. Wema alimtazama shangazi yake, kisha akamgeukia mama yake.

"Umemkaribisha?"

"Ilinitoka tu, mwanangu. Unamjua shangazi yako akishaamua. Hata wakati ule wa msiba, ni yeye aliyesema ubaki, si mimi."

"Najua," Wema alisema. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa kwenye korido, nilisikia yote. Shangazi sijawahi kumkasirikia. Shangazi si mama yangu. Nilikuwa nimesimama pale nasubiri wewe useme neno."

Domitila akawa ameshafika, anabusu mashavu, anauliza mbona nyuso zimekunjamana. Wakaanza kutembea. Wema alitangulia hatua chache, mgongo umekakamaa chini ya begi. Adelina alifuata, jua la mwezi wa tano limetoka na watu wanakimbia na mbwa wao. Miaka miwili alikuwa amejifariji kwamba mtoto hajui kilichosemwa sebuleni. Kumbe alijua, na alichokuwa akikihesabu ni ukimya wa mama yake.

Domitila aliongea kwa niaba ya wote watatu. Hizo nyumba za kulala na watu wasiowajua hazitaki, watachukua hoteli. Na mikate ya Wafaransa haishibishi, atabeba unga. Adelina aliitikia mm, mm, macho yakiwa kwenye mgongo wa binti yake.

"Halafu kazini likizo wamenipa mwisho wa Agosti," Domitila akaendelea. "Kwa hiyo safari tunaisogeza. Kama itagongana na mambo ya chuo, si neno, mtoto abaki. Tutakwenda mimi na wewe."

Mbele yao mabuti ya Wema yakasimama. Hakugeuka.

"Hapana, wifi," akasema Adelina.

"Basi nitawaomba kazini wanirudishe—"

"Hapana ya safari yote. Nilikukaribisha kwa mdomo, na sikuwa na haki hiyo. Hii ni safari ya Wema na mimi. Naomba karibu yangu nairudishe."

Katika maisha yake Adelina alikuwa hajawahi kumwambia maneno ya namna hiyo mtu aliyemzidi umri.

"Karibu hairudishwi, Mama Wema."

"Najua."

"Ulinikaribisha mbele za watu. Watasemaje?"

"Watasema Adelina hana adabu. Nitawaitikia."

"Shukrani ya punda," akasema Domitila, na hakuimalizia, maana nani asiyejua kwamba punda hushukuru kwa mateke.

"Koti ulilonivika sijalisahau, wifi. Ungeniomba chochote changu ningekupa. Lakini siku ile uliposema mtoto abaki, nilikupa kitu ambacho hakikuwa changu. Siwezi kukupa tena."

Adelina alitegemea matusi, na matusi angeyamudu. Domitila akakaa kwenye benchi, mabuti yake mapya yamemng'ang'ania miguu, akaonekana mzee ghafla.

"Wewe unafikiri mimi nilimzika?" akasema. "Wanaume wanashusha jeneza, mimi nipo jikoni natafuta sahani za wageni. Mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Uliponiambia karibu nilisema afadhali, na mimi nitapata mahali nimlilie."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Moyo wa Adelina ulimwendea wifi yake mzima mzima, na lile neno likapanda, likafika kwenye meno. Ilibaki kulifungulia tu, na kila mtu angefuta machozi, na Wema angekwenda Halifax na kufunga mlango wake taratibu. Akauma meno.

"Pole, wifi," akasema. "Pole sana. Tutamlilia, mimi na wewe. Nitakuja kwako, tukae siku nzima. Lakini si kule."

Domitila aliinuka, akaiacha chupa ya chai juu ya benchi. "Isipotee bure," akasema, bila kumwambia mtu, akapanda mteremko kurudi kwenye kituo cha basi. Alipanda polepole, mkono kwenye goti. Adelina aliona aibu kwa maombi yake, akalia waziwazi, watu wakipita.

Wema hakumkumbatia. Alirudi, akaifungua chupa, akamimina chai kwenye kifuniko, akampa mama yake kwa mikono miwili kama baba yake alivyomfundisha akiwa mdogo. Akamsubiri anywe.

"Nani alitupa udongo wangu?" akauliza. Aliuliza kwa Kiswahili, kizito, cha mtu anayekisikia kila siku na hakitumii. "Kaburini. Kila mtu alitupa. Niliona. Wangu alitupa nani?"

Ungekuwa wakati mzuri wa kumdanganya mtoto. Kusema nilichota konzi mbili, moja yangu na moja yako, nani angeulizwa? Adelina alikishika kile kifuniko cha chai.

"Hakuna," akasema. "Nilitupa wangu. Nilikukumbuka mkono ukiwa mtupu, na watu walikuwa wameshaanza kufukia."

Wema alitazama maji. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ya msiba, akalia mbele ya mama yake, kwa sauti, mdomo wazi, kama alivyokuwa akilia alipokuwa mdogo. Adelina hakumnyamazisha. Alikaa karibu naye mpaka kilio kikaisha chenyewe.

"Niambie yote," Wema akasema baadaye, akijifuta kwa mkono wa sweta. "Anzia uwanja wa ndege. Usiruke kitu."

Wakavaa mabegi yao. Adelina akaanza na jeneza lilivyoshushwa Mwanza kabla ya kuvushwa kwenda Bukoba, na mvua iliyokuwa ikinyesha, na nani aliyekuja kuwapokea. Walifika kwenye ule mti ulioinama ambapo kila Jumamosi hugeuka kurudi nyumbani, na masimulizi ya Adelina yalikuwa bado hayajafika hata mlangoni kwa bibi yake Wema. Hakuna aliyegeuka.