Ubao wa Mninga na Mashine Iliyotetemeka

Marehemu baba alituachia ubao mmoja mpana wa mninga, na wasia kwamba uwe kichwa cha kitanda cha binti yake wa mwisho, mdogo wangu wa kike, siku atakapoolewa. Kwetu bibi harusi hutoka kwao na kitanda chake, na ubao wenyewe ulikuwa huo huo, hakuna wa pili. Kwa hiyo mdogo wangu wa kiume alipofunga mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, bandani nyuma ya nyumba yetu ya Tegeta, akasema maua ya kitanda atayachonga nayo, nilimwambia ubao hauguswi kabla ya majaribio.

Tuliijaribu kwanza kwenye mabaki ya paini. Mstari ulionyooka iliukata vizuri kabisa. Ikifika kwenye ncha ya jani na kugeuka ghafla, kichwa chake kinatetemeka, na pembeni mwa jani panabaki mawimbi madogo madogo.

Mdogo wangu akaibebesha mifuko ya mchanga. Ikatetemeka. Akaikalisha juu ya vipande vya mpira wa tairi, maana mjini hapa hakuna ugonjwa usiotibiwa kwa mpira wa tairi. Ikazidi. Mama akaja na chetezo, akaifukiza ubani mashine nzima, akisema majirani wana jicho. Nilimcheka, kisha nikajikuta nausogeza moshi kwa kiganja ufike na kwenye mota. Nilikuwa sijui tena lipi tiba na lipi upuuzi.

Mchana mmoja mdogo wangu akaniita.

"Dada, ishu siyo uzito. Tunaiamrisha vibaya. Tunaisukuma yote kwa mkupuo."

"Sasa?"

"Naisukuma nusu, nasubiri kidogo sana, naisukuma nusu iliyobaki. Mtikisiko wa pili unaua wa kwanza."

"Mtikisiko unauaje mtikisiko, we mtoto? Moto unazimwa kwa moto?"

Akanieleza kwa pembea: ukiisukuma inapokwenda, inazidi, ukiisukuma inaporudi, inatulia. Niliitikia kwa kichwa. Sikuelewa, na nilikasirika kwamba sielewi, kwa sababu ubao wa baba alikuwa ameshaufunga mezani.

"Kajaribu tena kwenye paini."

"Nimeshajaribu, dada. Imetoka safi."

"Paini laini. Huo mninga."

"Najua," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyejua.

Akaiwasha. Nikatoka nje, nikarudi, nikatoka tena. Nilisoma dua ya safari, maana ndiyo iliyonijia.

Mashine iliponyamaza mama akaingia, akapuliza vumbi, akapitisha kidole kwenye ncha ya kila jani. Nilimwangalia mdogo wangu, naye ananiangalia mimi. Halafu mama akapiga kigelegele, cha kwanza tangu tulipomzika baba, kikamkatikia njiani, akakaa chini kwenye vumbi la mbao, analia. Sikujua nimbembeleze au nicheke. Nikakimalizia mimi.