Barabarani Hakuna Shikamoo

Mwezi uliopita, pale Kahama, karibu na soko la Nyasubi, nilipiga honi. Sikufichi, niliipiga kwa hasira. Nilikuwa nimechelewa kikao, jua limeshachoma, na mbele yangu kulikuwa na mama mmoja kwenye baiskeli, anakanyaga taratibu kama barabara yote ni ya ukoo wao. Kwenye keria, katikati ya mifuko miwili ya nyanya iliyofungwa kwa mipira ya tubu, alikaa binti wa miaka minane hivi. Alikaa kinyumenyume, ameegemea mgongo wa mama yake, uso unanitazama mimi.

Nilipiga honi ya pili nikiwa nimewakaribia mno. Yule binti akafungua mdomo, akasema neno moja. Papo hapo mama akaitupa baiskeli nje ya lami, gurudumu la mbele likajikwaa kwenye ukingo, wakaenda chini, na nyanya zikatapakaa hadi mtaroni. Nikakanyaga breki. Nilibaki nimeshika usukani, kwa sababu neno lile nilikuwa nalijua. Nililisema mimi utotoni kwa miaka minne, nikiwa nimekaa vilevile.

Wewe uliyekulia upande wetu utanielewa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito, yenye kengele iliyolia ikijisikia. Kwetu Usukumani mwanamke kuendesha baiskeli si habari. Habari ni kufika Shinyanga mjini na maziwa yote. Nyumba yetu ilikuwa mwendo wa saa nzima kutoka mjini, kando ya barabara kuu, na Bibi alikuwa na wateja wake wa maziwa karibu na stendi. Jumamosi zote, na likizo zote, msaidizi wake nilikuwa mimi.

Mpaka leo nikisikia harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, narudi kwenye ule uwanja wa nyumbani asubuhi. Tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani, imepikwa na karanga za kutwanga. Kisha Bibi aliyamimina maziwa kwenye madumu manne, akayaziba kwa magunzi ya mahindi, akayaning'iniza mawili kila upande. Mimi nilipandishwa mwisho, mgongo wangu kwenye mgongo wake, miguu nimeitanua isiguse spoki. Alinuka moshi na samli, na nilimpenda kuliko mtu yeyote duniani.

Kazi yangu ilikuwa kuangalia nyuma.

"Masikio yanasikia gari," alikuwa akisema, "lakini hayamwoni dereva."

Basi nilimwangalia dereva kwa niaba yake. Nilikuwa na maneno matatu tu. "Lipo" maana yake gari limeonekana. "Linapisha" maana yake dereva ameshaanza kusogea kulia, kaa palepale ulipo. Na "shuka" maana yake hasogei, toka kwenye lami sasa hivi. Ukingo wa lami ulikuwa juu ya ardhi kwa kiasi cha shubiri, na kushuka pale na madumu manne na mtoto si mchezo. Miundi ya Bibi ilikuwa na makovu kama ubao wa kukatia nyama. Nikisema "shuka" bure, tunaanguka bure na maziwa yanamwagika. Nikichelewa kulisema, hakuna atakayeuliza habari za maziwa.

Mtoto wa miaka tisa anajua nini kuhusu madereva? Alijua mengi, rafiki yangu. Wa malori ya pamba wengi walikuwa watu wazima, walipiga honi fupi kutoka mbali na kusogea. Wa mashangingi, yale magari makubwa ya kifahari yaliyokimbilia huko kwenye dhahabu, Geita, hawakupiga honi kabisa. Vioo vyeusi, unasikia upepo tu ndipo unajua wamepita. Walikuwepo wale waliofanya makusudi, wanakukaribia hadi unahisi joto la injini, halafu utingo anapiga bodi kwa kiganja na kucheka mnavyoyumba. Na mabasi madogo yaliyogombania abiria hayakuwa na tabia moja. Yalitegemea kama mwenzao yuko mbele au nyuma. Moja lilikuwa limeandikwa mgongoni "Kawia Ufike", na hilo ndilo lililokuwa na haraka kuliko yote.

Niliogopa. Watu wazima wakisimulia utoto wao hupenda kusema hawakujua hofu, mimi niliijua. Niliogopa tangu tunatoka kwenye njia ya vumbi mpaka tunafika stendi, na nilikuwa nabana mdomo ili neno lisinitoke kabla ya wakati wake.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya wakati wa kuvuna pamba. Tulikuwa tumeshaanza kuingia mjini, pale nyumba zinapoanza kubanana, jirani yetu akatufikia kwa nyuma. Alikuwa mzee mfuga kuku, mpole, ana baiskeli iliyochoka na tenga la kuku kwenye keria. Watoto wote wa kijijini tulimwita Guku, yaani babu. Akakaa nyuma yetu, karibu kabisa, tukawa tunatazamana.

"Mwangaluka, ng'wanawane," akanisalimia, yaani umeamkaje, mwanangu.

"Mwangaluka, Guku."

Sasa unajua salamu ya Kisukuma, haina haraka. Umelalaje, na bibi amelalaje, na huko nyumbani wameamkaje. Na mtoto wa kike hujibu hadi mwisho, macho chini, sauti ya chini. Kumkatisha mkubwa katikati ya salamu ni utovu wa adabu, na nilishawahi kula fimbo kwa kosa hilo. Guku akafika kwenye ng'ombe.

"Na yule ndama aliyekuwa anaharisha?"

Juu ya bega lake nikaliona basi dogo. Lilichungulia katikati ya barabara litupite, likakuta lori linakuja kutoka mbele, likarudi upande wetu bila kupunguza mwendo. Nilimsoma yule dereva. Alikuwa anaangalia lori, sisi hatukuwemo machoni mwake. Neno likanijaa mdomoni.

Na sikulisema. Kwa Bibi neno lile lilikuwa kazi, nilipewa ruhusa. Lakini Guku alikuwa ndiye wa kwanza kugongwa, na "shuka" ni amri. Mtoto anamwamuruje mzee, tena hajamaliza salamu?

"Amepona, Guku," nikajibu.

"Haya, tumshukuru Mungu," akasema. Salamu ikaisha.

"Shuka!"

Bibi aliruka nje ya lami palepale, mkono mmoja umenishika nyuma. Guku hakuwa amezoea neno letu. Aligeuza shingo kuangalia kuna nini, na baiskeli huenda inakoelekea shingo. Kioo cha pembeni cha basi kikampiga begani.

Sauti ile sitaieleza. Nilichokiona nikiwa chini ni maziwa yanatambaa juu ya lami, kuku wanapiga kelele ndani ya tenga, na kiatu kimoja cha Guku kimesimama wima peke yake. Basi lilisimama mbele kidogo. Dereva akashuka, akaenda kwenye kioo chake, akakipangusa kwa kiganja, akakirudisha mahali pake.

"Hawa wazee wa baiskeli," alimwambia kondakta wake, "hawana adabu ya barabara."

Akapanda, akaondoka. Abiria mmoja tu ndiye aliyekuwa ameshuka, mama wa makamo aliyegoma kupanda tena. Alivua khanga yake akamfunga Guku bega, akakaa nasi mpaka tulipopata mkokoteni wa kumpeleka hospitali. Sikulijua jina lake. Nimemwombea heri mara nyingi.

Guku alipona, lakini bega halikunyooka tena na baiskeli hakuiendesha tena maisha yake yote. Alikuwa akiikokota na tenga lake, kwa miguu, hadi mjini na kurudi.

Jioni ile nilimwambia Bibi ukweli, kwamba niliona mapema. Alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama. Nikajiandaa kwa fimbo.

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Alikuwa ananisalimia."

Ugali ukaanza kunuka kuungua, akauepua. "Kosa ni langu," akasema. "Nilikulea kwa ajili ya nyumbani, nikasahau barabara. Sikiliza, mjukuu wangu. Barabarani hakuna shikamoo."

Kesho yake akanipeleka hospitali kwa Guku nikaungame mwenyewe. Nilipiga magoti mbele ya kitanda chake nikasema huku nalia. Alicheka, cheko lililomuumiza, nikaona anavyouma meno.

"Siku nyingine ukiona gari, ng'wanawane, nitukane kwanza," aliniambia. "Utanisalimia nikiwa mzima."

Wote wawili wameshalala udongoni. Maziwa siku hizi yanaingia mjini kwa bodaboda, baiskeli ya Bibi iliishia kuuzwa chuma chakavu, na michembe wajukuu wanaikula wakitania kwamba ni magome ya mti. Nilidhani hata ule ukaaji wetu wa kinyumenyume umekwisha, kwamba hakuna tena mtoto anayebebeshwa roho ya mtu mzima mdomoni mwake. Na labda nilidhani hivyo kwa kuwa siku hizi naiona barabara kupitia kioo.

Pale Nyasubi nilizima gari nikashuka. Yule mama alikuwa ameshaanza kuokota nyanya, bila hata kuniangalia, kama mtu anayeokota za kila siku. Nikainama kumsaidia.

Binti yake alikuwa amechubuka goti, mchanga umeganda kwenye damu. Aliponiona mtu mzima nimeinama mbele yake, aliweka chini nyanya alizoshika, akakunja magoti yote mawili, lile zima na lile linalovuja.

"Shikamoo," akaniambia.

Nikamwambia, "Usinisalimie, mwanangu. Nitukane kwanza."

Mama yake akainua uso, akanitazama kwa mara ya kwanza, akamvuta binti nyuma ya kitenge chake. Wakafunga mifuko yao, wakapanda, wakaondoka wakipita kwenye vumbi, mbali na lami. Binti alikaa vilevile, kinyumenyume, akiniangalia mpaka walipokata kona.

Marahaba yake ninayo mpaka leo.