Chumba cha Patrice

Ukifika karakana yetu hapa Likasi, utamkuta Berthe mbele ya kompyuta na mimi nyuma kwenye mashine, masikio yameziba kwa kelele. Yeye huchora nyumba nzima ndani ya kompyuta: kuta, milango, paa, hadi tundu la kila skrubu. Mashine husoma mchoro huo, ikavuta ukanda wa chuma, ikaukata, ikaukunja, kisha ikachapa juu yake jina la chumba ambamo kipande kitafungwa. Kazi yangu ni kupokea. Watu wa mtaani husema siku hizi nyumba inajijenga yenyewe. Waje wabebe vyuma hivyo, watanielewa.

Mwashi wa matofali unaweza kumbembeleza, dirisha likasogea kidogo. Mashine haibembelezwi. Kilichochorwa ndicho kinachotoka, na chuma kikishakatwa kimekatwa. Ndiyo maana Berthe hukagua michoro yake mpaka ananiudhi.

Aliishi na mama yake, Mama Anne, mjane wa mfanyakazi wa kiwandani, katika nyumba ya matofali iliyojaa nyufa. Patrice, mdogo wake Berthe, alikwenda kuchimba madini Kambove, shimo likaporomoka, na mwili wake haukuonekana. Matanga hayakuwekwa. Kila jioni Mama Anne alimpakulia mwanawe bukari, ugali wa kwetu, akaifunika na kuiacha mezani. Majirani walinong'ona.

Hatimaye Berthe akapata uwezo wa kumjengea mama yake nyumba. Mchoro ulipofika kwenye mashine niliona vyumba vitatu vya kulala: cha mama, cha Berthe, na kimoja kilichoandikwa PATRICE. Nilimwuliza kwa upole, jambo nisilolizoea, kama ana hakika. Alijibu kwamba mama akiingia katika nyumba isiyo na chumba cha mwanawe, atakufa kwa huzuni. Nilikasirika kweli. Niliona anamjengea mama yake mahali pa kungoja hadi mwisho wa maisha. Lakini nyumba haikuwa yangu.

Mama Anne alikuja kuiona nyumba yake ikitengenezwa, amevaa kitenge cha Jumapili. Nikawasha mashine. Kipande cha kwanza kilipotoka kilikuwa na jina la Patrice. Akainama, akalisoma, akapitisha kidole juu ya herufi, wino ukamchafua.

“Berthe, simamisha kwanza masini.”

Nikaizima kabla Berthe hajafika.

“Minye najua Patrice hatarudia ku nyumba,” alisema. “Najua tangu ile siku ya Kambove.”

Berthe akamwuliza, kwa sauti ndogo, sahani ile ya kila jioni basi ilikuwa ya nini.

“Ile sahani njo ilikuwa juu yako, mwanangu. Kila mangaribi weye ulikuwa unaangaliaka mulango. Niliogopa, nikiacha kupakula, utaanguka.”

“Mama, na minye ile chumba nilichora juu yako.”

Wakashikana, wakalia palepale kati ya vyuma. Mimi nilijifanya natafuta spana, nami machozi yananitoka.

Baadaye Berthe alirudi kwenye kompyuta, akakifuta chumba. Kuta zikasogea, sebule ikapanuka, na kompyuta ikapanga upya orodha ya vipande vyote. Hatukuiwasha mashine wiki ile. Matanga yaliwekwa kwanza, uani mwa nyumba ya zamani, na wanakwaya wa parokia wakaimba hadi sauti zikawakauka.

Kile kipande cha kwanza kilibaki bila mahali popote katika mchoro mpya. Nilikikata vipande viwili, nikavifunga vikawa msalaba, jina likakaa kwenye mkono wake. Berthe, kwa mazoea, alitaka kuuchora kwanza kwenye kompyuta. Mama yake akamwambia auache vile vile.

Tuliusimika makaburini, kando ya kaburi la baba yao. Tukarudi nyumbani kwa miguu, na jioni ile Mama Anne alipakua sahani mbili tu, yake na ya Berthe.