Miti Ishirini ya Kiangazi

Mutu aliyepanga kazi ile hakuwahi kuiuliza mvua. Sisi wanafunzi tuko na vakansi ndefu mwezi wa saba na wa nane, basi akaamua miti ya kando ya pori la Virunga ipandwe na wanafunzi, mwezi wa saba na wa nane. Kiangazi! Kwetu Goma hata mtoto mdogo anajua kwamba miezi hiyo hupandi kitu.

Tukapanda. Miti ile ilikusudiwa kuwa kuni za wakimbizi wa vita waliojaa kambini, barabara ya Sake, ili waache kukata pori. Wao walitaka kupika maharagi leo jioni. Miti ilihitaji miaka. Nilipomwambia shefu wetu, msimamizi wa kazi, hivyo, akanijibu, "Mademoiselle, wewe mwagilia tu."

Kila mmoja alipewa miti ishirini na bidoni moja ya maji kwa siku, iliyoletwa na chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukuma, kutoka ziwani. Chini ni mawe matupu ya volkano: unamwaga maji, yanapotea palepale. Ambaye miti yake yote ingekuwa hai mwisho wa vakansi angepewa atestasio, cheti chenye kashe, yaani muhuri. Niliitaka kufa na kupona, maana papa, baba yangu mwenye duka dogo mtaa wa Mabanga, alikuwa amesema wazi: "Uniletee karatasi yenye kashe, nijue uko na akili. Bila hiyo masomo imeisha, utauza chumvi hapa."

Siku ya tatu mama mmoja mkimbizi, mtoto mgongoni, alisimama akinitazama nikimwagilia vile vifimbo.

"Mutoto yangu," akasema, "huo muti uko na kiu kushinda huyu wangu?"

Nikampa nusu ya bidoni. Kesho yake akaja na sufuria, nikampa yote. Ikawa desturi yetu, na miti yangu ikakauka yote ishirini, hakuna hata mmoja ulionihurumia.

Asubuhi ya ukaguzi nilikaa juu ya jiwe nikalia kwa sauti, bila haya. Mama akanikuta. Akatua mzigo wake wa kuni, matawi mabichi aliyotoka kukata. Wapi? Porini, wapi tena! Akang'oa maiti zangu, akachomeka matawi yake, moja moja, akiyanyoosha kama anayevalisha watoto wa komunyo. Nami nikachukua matawi, nikamsaidia.

Shefu akafika. Miti iliyopandwa ikiishia magotini ilikuwa sasa inamgusa kifuani. "Yesu Maria! Vingt sur vingt! Ishirini kwa ishirini!" Akaita wengine waje waone maana ya bidii. Akapiga kashe palepale, juu ya paja lake: eti nimelinda pori.

Gari lake lilipoondoka, mama akaanza kung'oa kuni zake. Nikamsaidia, atestasio nimeibana kwapani, nikiwa na furaha ya kutaka kuimba. Alipomaliza kufunga mzigo, akaiangalia ile karatasi.

"Kuni ni mbichi," akasema. "Haitawaka bila karatasi. Hiyo, uko na kazi nayo?"

Nikaiingiza ndani ya blauzi. "Hii hapana, mama."

"Haya," akasema. "Aksanti kwa maji."

Nilisoma mpaka diplome. Atestasio iko bado ukutani kwa papa, na nikienda kumsalimia nakaa nikiipa mgongo.