Onduleri Si ya Simu Zenu

Hapa Uvira onduleri inachaguliwa kwa kunyanyuliwa. Msicheke. Unaingia dukani, unamwambia muuzaji unataka kile kisanduku chenye betri ndani, kile kinachoshika kompyuta umeme unapokatika, naye badala ya kukuuliza una mashine gani nyumbani, anashusha kimoja na kukupakatisha kama mtoto mchanga. "Sikia uzito, mama. Hii iko nguvu." Anashusha kingine. "Na hii iko nguvu kuliko ile." Nilizunguka maduka yote ya kando ya soko nikipakata onduleri mpaka kiuno kikaniuma, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia betri itadumu muda gani kabla ya kuzima.

Mimi na mume wangu tunapiga video za harusi na za matanga. Yeye anabeba kamera, mimi nabaki nyumbani nakata na kuunganisha. Kila tulichowahi kupiga, kizuri na kibaya, kimelala ndani ya sanduku la diski lililo chini ya meza yangu, limeunganishwa kwa waya na kompyuta zetu zote. Lina diski mbili, kila moja ni nakala ya mwenzake, ili moja ikifa nyingine ibaki. Nilijiona mjanja kweli kweli. Basi alasiri moja umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena, na diski moja ikafa palepale. Ile iliyobaki ikaanza kukwaruza.

Tangu hapo sanduku likaanza maringo. Halifungui kitu chochote mpaka kwanza lijikague lote, mwanzo hadi mwisho, kazi ya karibu mchana mzima. Umeme ukikatika katikati, linaanza upya. Na umeme wetu ukae mchana mzima bila kwenda? Wapi! Nilijaribu, ukakatika. Nikajaribu tena, ukakatika, na safari hiyo diski ilikwaruza kwa sauti iliyonifanya nichomoe kila kitu na kukaa sakafuni nimeshika kichwa.

Ningeweza kusema yaishe, kwani watu walishapewa filamu zao. Lakini siku chache baadaye pikipiki ilisimama mbele ya nyumba, akashuka mama mmoja kutoka Luvungi, vumbi la barabara limemjaa mpaka kwenye nyusi. Tulikuwa tumempigia harusi ya binti yake. Binti alikuwa amefariki, katika uzazi, na mtoto naye. Nilimpa pole, nikamwekea kiti, nikamuuliza kama amepoteza ile filamu.

"Filamu ninayo," akasema. "Iko nzuri. Lakini mule ndani mutoto wangu anacheka tu, anacheka tu. Minye mama yake najua, mutoto wangu hakukuwa muntu wa kucheka-cheka. Alikuwa ananigombeza. Asubuhi ile, wakati wanamuvalisha, alinigombeza mbele ya kamera, bwana yako alikuwa pale. Nataka ile."

Nilikuwa nimeikata. Nani anaweka kwenye filamu ya harusi bibi harusi akimfokea mama yake? Kilichobaki kilikuwa ndani ya sanduku tu, juu ya diski moja inayokwaruza, na sikuwa na hakika kama itavumilia kuzimwa ghafla mara nyingine. Nilimwambia anipe muda kidogo. Akaitikia, akapanda pikipiki kurudi Luvungi, nami nikaanza safari yangu ya kupakata onduleri.

Mume wangu naye alikuwa na yake. Kwake onduleri nzuri ni ile itakayobeba televisheni wakati wa mpira. "Kama tunanunua, tununue ya maana," akaniambia. Nikamwambia ya maana ni ile itakayobeba sanduku la diski peke yake, kitu kinachokula umeme kidogo kama taa, lakini ikibebe kwa muda mrefu. Sitaki nguvu, nataka pumzi. Akaniangalia kama nimesema Kichina.

Mwishowe nilichoka na maneno. Nilitafuta balbu inayokula sawasawa na sanduku langu, nikaifunga kwenye waya, nikaingia nayo dukani. "Papa, chomeka onduleri, ijae, kisha uikatie umeme. Nitakaa hapa." Muuzaji akadhani natania. Nikavuta kigoda, nikakaa. Ya kwanza, ile nzito kabisa aliyoisifu tangu asubuhi, ilizima kabla sijakaa vizuri.

"Aa, mama, ile batri imelala tu. Imekaa sana njiani kutoka Buja, kule Burundi."

"Basi iache iendelee kulala. Lete nyingine."

Wateja wakaanza kusimama kutazama mwanamke na balbu yake. Mmoja akaniuliza kama mimi ni wa serikali. Ya pili ilijitahidi kidogo, ikaanza kulia pii pii, ikazima. Muuzaji alikuwa amekasirika, hasemi tena "mama", anasema "huyu". Ya tatu haikuwa nzito wala haikuwa nzuri, ina mkwaruzo ubavuni, alikuwa hataki hata kunionyesha. Aliichomeka ili niondoke. Akala ugali wake na ndagala, akaosha mikono, akafagia duka lote, balbu inawaka. Nikasema, "Funga hiyo."

Nilimtumia mama wa Luvungi neno kwamba aje. Asubuhi na mapema nilichomeka sanduku la diski kwenye onduleri, hilo peke yake. Hata kompyuta yangu niliinyima. Nikamwonya mume wangu, nikawaonya watoto: nyuma ya kisanduku hiki kuna matundu mengine, na matundu hayo ni ya kutazama kwa macho tu. Mama alifika, akakaa karibu na meza, mikono mapajani, akawa analitazama sanduku likimulika taa yake ya kijani. Ukaguzi ukaenda. Umeme ukakatika mchana, onduleri ikashika bila hata kutikisika, na mimi nikajisifu mwenyewe. Maji yalikuwa yamekuja kwenye bomba la jirani, nikachukua ndoo nikaenda kupanga foleni.

Niliporudi niliisikia ikilia tangu uani. Pii. Pii. Pii. Niliingia na ndoo kichwani. Yesu wangu! Nyuma ya onduleri kulikuwa na ralonji, waya mrefu wenye matundu mengi, na ralonji ilikuwa imezaa simu, sijui za nani, zimetandazwa sakafuni zote zinakula umeme. Mashine ya kunyolea ya kinyozi wa ng'ambo ya njia ilikuwa humo. Tochi ilikuwa humo. Na aliyekuwa amekaa katikati yao, akipokea chaja na kuwapangia watu nafasi, alikuwa mama wa Luvungi.

"Mama! Nani ameruhusu hii?"

"Waliona taa inawaka, wakakuja," akasema kwa upole. "Ni bantu ya kwako. Minye mugeni, ningewafukuza?"

Kwetu mwenye umeme hamnyimi mtu tundu. Ni kama kumnyima chumvi. Mwenye shida kubwa kuliko wote mule ndani, ndiye aliyeshindwa kusema hapana. Mimi sikushindwa. Niliweka ndoo chini, nikang'oa ralonji kwa mkono mmoja, nikatoka nayo nje na simu zinaning'inia. Niliwaambia jirani zangu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nikawaambia onduleri si ya simu zao, si ya vichwa vyao vya kunyolewa, na kama wanataka umeme waende wakauchote mtoni Ruzizi, unakotengenezwa, kwa beseni. Kinyozi akachukua mashine yake, akaenda zake.

Lakini betri ilikuwa imeshaliwa. Kwa hesabu yangu sanduku lilikuwa limebakiza kipande kidogo tu cha ukaguzi, onduleri inalia haraka haraka, na umeme haurudi. Nilikaa sakafuni. Nilikuwa na hasira na jirani, na huyu mama, na mwenye kuvuta swichi huko aliko. Mama alikuwa ameelewa, kwa sababu alivua kitambaa chake cha kichwa na kukifinyanga-finyanga mikononi.

Ndipo nikasikia kitu kinaburutwa uani. Kinyozi, na jenereta yake ndogo ya saluni. "Weye una mudomo mubaya," akaniambia bila kunitazama. "Lakini huyu mama hajakosea kitu. Leta waya." Akavuta kamba, jenereta ikanguruma, nyumba yote ikajaa moshi. Onduleri ikagoma kwanza, tak, tak, ikaupima ule umeme, ikaukubali. Ikaacha kulia. Niliendelea kufoka kuhusu moshi, maana ningefanya nini kingine.

Jua lilikuwa bado juu ya milima sanduku lilipofunguka. Nikawasha kompyuta, nikatafuta ile harusi, nikaipata asubuhi yenyewe. Mume wangu, aliyekuwa amerudi wakati huo, akasogea. Jirani nao, niliokuwa nimewatukana, wakasimama mlangoni. Sikuwafukuza.

Kwenye kioo cha kompyuta binti amekaa kwenye kitanda, nusu amevaa, wanawake wawili wanamfunga shela. Mama yake amesimama mbele ya dirisha na sahani mkononi, hajui aiweke wapi. Binti anainua kichwa, amekunja uso.

"Mama! Si utoke pale! Tangu asubuhi unazunguka tu, unanizibia mwanga!"

Nilimgeukia mama, nikijua atalia, nimeshajiandaa kumshika. Hakulia. Alikuwa ameinuka haraka, ameshika kiti chake kwa mikono miwili, anakivuta pembeni mpaka ukutani.

"Natoka, mwanangu," akakiambia kioo. "Natoka. Haya, ona sasa."