Kidole Gumba cha Baba Anitha

Kitu cha kwanza ambacho mtu angekiona kwa Castory ni kidole gumba cha mkono wa kushoto, kimesimama wima kama cha mtu aliyeridhika na kila jambo. Madereva wa bodaboda walimjibu kwa honi. Wageni walidhani wamesifiwa. Balaa lilikuwa msibani, mtaa wa Kikuyu, shemeji yake alipomvuta pembeni.

"Shemeji, umefurahia nini hapa?"

"Si mimi, shemeji. Ni kidole."

Hakuzaliwa nacho hivyo. Castory huvuna zabibu Makutupora, na jioni hupiga ilimba, kile kisanduku cha vibati kinachochezwa kwa vidole gumba viwili. Binti yake Anitha alipochumbiwa, aliomba kitu kimoja tu: siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, baba ampigie ule wimbo aliokuwa akimbembelezea utotoni.

Wiki hiyo hiyo, katikati ya mavuno, Castory alivua glavu ili aonje punje moja. Ilikuwa tamu, akaona uvivu kuivaa tena. Akakamata kishada kingine, mkasi mkono wa kulia. Bupe, mvunaji mwenzake, akamtania kutoka mstari wa pili.

"Baba Anitha, unavuna au ndiyo unakula mahari?"

Akageuka kumjibu. Mkasi haukumsubiri.

Damu haikuwa nyingi. Alifunga kitambaa, akaendelea na kazi. Zahanati ilikuwa njiani, akaipita; kesho yake akaipita tena. Kidonda kikapona vizuri kabisa, ila aliposhika ilimba, kidole kikagoma kujikunja. Upande mmoja uliimba, mwingine ukanyamaza.

Hospitalini mjini alipokewa na Daktari Munira, binti wa umri wa Anitha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, daktari."

Munira akamgusa chini ya kiwiko. "Msuli unaokunja kidole chako haukai kidoleni. Uko huku. Unakivuta kwa kano, kama kamba. Wewe kano umeikata, nayo imerudi juu."

"Kama kamba ya kaptula inavyozama?"

"Hivyo hivyo. Ungekuja siku ile, ningeikuta mlangoni. Sasa inabidi niifuate ndani."

"Sisi huitoa kwa pini."

"Na sisi pia, mzee wangu, ila pini yetu inatanguliwa na ganzi."

Castory akacheka, kisha akauliza lililomleta. "Nitapiga?"

"Nitaiunga. Ukilazimisha kukunja kabla haijashika, itakatika tena, na hapo siwezi kukuahidi kitu."

Baada ya upasuaji, mkono ulikaa ndani ya gango, kifaa kigumu cha kuuzuia usijikunje, na ilimba ikaning'inia ukutani ikimwangalia. Mkewe, Anastazia, akamkuta ameinyooshea mkono.

"Baba Anitha! Punje moja haikukutosha?"

Akaichukua, akaizika kwenye pipa la mtama.

Sasa gango limetoka. Kila asubuhi Castory hufanya zoezi alilopewa, na kidole hujikunja nusu, siku nyingine zaidi kidogo. Bodaboda wanalalamika hawasifiwi tena. Daktari ameruhusu wimbo mmoja, taratibu.

Sendofu ni Jumamosi hii, Ipagala. Ilimba imetolewa pipani, imepanguswa, iko mezani. Kama kidole kitafika kwenye vibati vya mwisho, hakuna anayejua. Castory mwenyewe amekaa kando yake na kikombe cha chai mkono wa kulia. Wa kushoto ameuvalisha glavu, humo humo ndani ya nyumba, na hata kulala analala nayo.