Kichwa Kwangu, Tumbo kwa Mkwe

Tuliokuwepo ni hawa. Mimi mwenyewe, mwenye nyumba, mjane, Mngoni. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa binti yangu, wakati huo yuko darasa la pili. Baba yake huyo mtoto, yaani mkwe wangu, fundi baiskeli pale Mfaranyaki, Songea. Jirani yangu wa uani, Myao wa Tunduru, Mwislamu, ambaye utani wangu na yeye ulianza siku aliyohamia na haujaisha mpaka leo. Bwana mifugo mmoja wa Msamala, yeye alikuja mara moja tu na hakuwa ndugu wa mtu yeyote kati yetu. Na sungura.

Majina yao wote ninayo, na ya baba zao pia. Shule yangu iliishia pale nilipoweza kusoma kitabu cha sala, kwa hiyo mambo yangu nayaweka kichwani, na yakishaingia humo hayatoki. Lakini hapa sitawataja. Hata sungura simtaji, maana mtoto alimpa jina la bwana mmoja wa mtaani mwenye masikio makubwa, na watoto wa bwana huyo bado wapo, tunasali nao kanisa moja.

Binti yangu hakuwepo. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, vitu vimeanza kurudi madukani, kila mwenye miguu anataka kuwa mfanyabiashara. Binti yangu akaingia kwenye mitumba. Anapanda basi kwenda Dar es Salaam kufuata robota la nguo, akirudi anauza sokoni, robota likiisha anaondoka tena. Safari ile alikuwa amekawia. Kabla hajaondoka alimnunulia mtoto sungura mweupe mwenye doa jeusi mgongoni, akamwambia, "Nitunzie huyu. Nikirudi nataka nimkute amenenepa." Mtoto akaitika. Kwa mtoto yule, kuitika ni kama kuapa. Kila asubuhi kabla ya shule anamkatia mchunga na majani ya matembele, anafagia banda lake, anamsemesha. Mimi nilikuwa sijawahi kuona mtu anamfagilia sungura mpaka pembeni.

Sasa mkwe. Lazima nieleze kidogo, maana vijana wa leo mkwe anakaa na mama mkwe wanaangalia televisheni, anamwambia, "Mama, sogea kidogo." Sisi hatukulelewa hivyo. Mkwe wangu alikuwa akija anachuchumaa pale penye mti wa mlangali, anaangalia chini, anasema, "Shikamoo mama." Naitika, "Marahaba baba." Tunaulizana habari, basi. Hali chakula mbele yangu, wala mimi mbele yake. Na jikoni kwangu hakanyagi hata kama nyumba inaungua. Hiyo ndiyo heshima, na yeye aliishika kuliko wote, maana mama yake ni mtu wa Lusewa, wale wa zamani hasa.

Na mkwe haji mikono mitupu. Siku moja alileta mahindi yaliyokobolewa, mfuko mzima, mimi niko kwenye sala za jumuiya. Angekuwa mwanangu wa kuzaa angeingia jikoni akauweka juu ya dari, mahali pake. Lakini yeye ni mkwe. Akauegemeza mlangoni kwa nje, kwa heshima zote, akaenda zake. Mtoto naye alikuwa amemfungulia sungura atembee uani. Niliporudi nilikuta mfuko umetobolewa chini na sungura amelala ubavu karibu na banda, tumbo limekuwa kama mpira.

Kesho yake hakula. Alikaa amejikunja, anasaga meno, macho nusu. Banda lake safi, hakuna hata punje moja ya mavi. Mtoto akakaa chini mbele yake na sare ya shule.

"Bibi, mama atasemaje?"

Nikamtuma amwite baba yake.

Mkwe alikuja na bwana mifugo, maana baiskeli ya yule bwana ilikuwa kwake inatengenezwa. Kijana mpole, nasema kweli. Akamshika sungura, akamwekea sikio tumboni, akatikisa kichwa. Akatuambia tumbo limesimama. Kwa sungura, tumbo likisimama, siku chache tu anakufa. Dawa ya kumchoma aliyonayo si ya huyu, ingemuua. "Kitakachomponya ni nyinyi wenyewe," akasema. "Apate joto. Anyweshwe kidogo kidogo. Akandwe tumbo polepole, mara kwa mara. Msimwache na njaa na msimhamishe hamishe, anaogopa. Mkiona amepata choo, amepona."

Akatuachia bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Akatuonyesha: unapitisha pembeni ya mdomo, nyuma ya yale meno marefu, unasukuma tone, unangoja ameze. Ukimmiminia itakwenda mapafuni.

Joto! Ilikuwa Julai, na baridi ya Julai ya Songea mnaijua. Penye joto nyumbani kwangu ni mahali pamoja tu, jikoni, karibu na mafiga. Tukamweka pale kwenye kikapu, nimemzungushia chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa. Nikatwanga mchunga kwenye kinu, nikakamua maji yake. Nikachanganya na maji ya uvuguvugu, chumvi kidogo na sukari kidogo. Sukari! Miaka michache nyuma tulikuwa tunapanga foleni ya sukari tangu alfajiri, na ukiipata unamficha mgeni. Leo nampa sungura. Nilicheka peke yangu.

Lakini sikuweza. Nikimshika, mkono wa bomba unakosa. Nikishika bomba, anapiga teke. Mjukuu alikuwa na mitihani, nilimlazimisha aende shule. Nikamwita jirani, akaja mpaka mlangoni akasimama.

"Mimi? Hilo panya lenu refu siligusi, wallahi. Nyie Wangoni mtakula kila kitu, sasa mnakinyonyesha kwanza?"

"Shika miguu tu, we mla korosho."

"Sishiki." Akageuka akamwona mkwe wangu amechuchumaa pale mlangali, hajaondoka. Kazini hajaenda. Anaangalia chini, lakini masikio yote yako jikoni. Jirani akasema kwa sauti ya soko zima, "Wewe fundi! Mikono ya kushika spoku unayo, umekaa hapo unasubiri nini? Mwanao atalia leo."

Yule mtu alibadilika rangi. Akasema, "Jikoni kwa mama? Siwezi."

"Basi mama atoke."

"Nikitoka nani atamlisha?" nikasema nikiwa ndani.

Jirani, ambaye kwa mdomo wake watu wanamkimbia, ndiye aliyepata akili. Alikwenda kwake akarudi na kanga, akaifunga kwenye kamba ninayoanikia nyama jikoni, ikagawa jiko katikati, kutoka juu mpaka karibu na chini. Upande wa mafiga mimi. Upande wa mlango mkwe.

"Haya. Huyu hamwoni yule na yule hamwoni huyu. Mmebaki na haya zenu. Sungura apite chini."

Mkwe akaingia. Nilisikia amevua viatu. Akasema, "Shikamoo mama," mara ya pili asubuhi hiyo, kama anapiga hodi. Kikapu kikawekwa chini ya upindo wa kanga, na hivyo ndivyo tulivyomgawana: kichwa na mikono ya mbele kwangu, tumbo na miguu kwa mkwe.

Nimeona watu wengi wakiuguza, hata waganga wazuri, hata masista. Lakini mikono ya yule mtu sijaiona kwingine. Ilikuwa myeusi kwa grisi isiyotoka, kucha zimekatika. Mimi nilikuwa naiona hiyo tu, ikitokea kidogo chini ya kanga. Inamzunguka sungura bila kumbana, na sungura aliyekuwa ananipiga mimi mateke akatulia. Vidole viwili vinakwenda tumboni mviringo, mviringo, polepole, vinasimama, vinasikiliza, vinaendelea. Kama anavyosikiliza gurudumu lililopinda. Mimi nadondosha tone, nasema, "Amemeza." Yeye upande wa pili anaitika, "Asante mama." Nadondosha jingine. "Amemeza." "Asante mama." Tukimaliza anasema, "Naomba nitoke," anatoka kinyumenyume, anarudi mlangali, anakaa. Saa kidogo tunaanza tena. Baiskeli za watu zikalala kwake bila magurudumu, wenyewe wakaja wakasimama uani kumgombeza. Aliwajibu, "Nina mgonjwa." Hawakumwuliza mgonjwa gani.

Mtoto akirudi shule anakimbia moja kwa moja jikoni, anapita chini ya kanga kama mbuzi. "Bibi, amekunya?" Mtoto hana haya, ndiyo raha yao. Namwambia, bado. Anapita upande wa pili. "Baba, amekunya?" Na baba yake, kwa sababu mimi nipo, anajikohoza kwanza. "Bado hajaenda nje, mwanangu." Hajaenda nje! Sungura! Jirani akisikia hilo alikuwa anakaa chini kabisa kucheka. Alianza kumwita mkwe wangu bwana afya.

Siku iliyofuata sungura alilegea zaidi. Maji mengine yalirudi pembeni ya mdomo. Masikio yalikuwa ya baridi, nikayashika kwenye viganja. Nikasema polepole, kwa ajili ya mkwe tu, "Baba, naona kama tunamsumbua. Tumwache."

Mkwe akasema maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuniambia tangu amwoe binti yangu. "Mama, mfuko niliuweka mimi pale mlangoni. Na mama yake akirudi, huyu mtoto ndiye atakayemfungulia mlango. Sitaki amfungulie akiwa mikono mitupu. Kama umechoka, pumzika. Mimi nitangoja ukiamka."

Sikupumzika. Nani angepumzika? Nikatwanga mchunga mwingine.

Mchana ule, mtoto yuko shule, jirani yuko uani anapepeta mchele, mimi nadondosha tone, nikasikia upande wa pili pumzi imekatika. Nikadhani ndiyo basi, amekufa mikononi mwake. Mara kanga ikafunuliwa. Ikafunuliwa yote, kamba ikakatika, moshi ukatupiga usoni sisi wawili, na mkwe wangu huyu hapa, uso kwa uso na mimi, machozi yanamtoka, kiganja kimejaa punje nyeusi kaniletea karibu na pua.

"Mama! Amekunya! Amekunya, mama, tazama!"

Neno hilo. Mbele ya mama mkwe. Jikoni kwake. Alipolisikia mwenyewe likiwa limeshatoka, alifumba mdomo kwa mkono uleule wenye mavi.

Mimi nilicheka. Nilicheka nikashika mafiga, na moto haukuniunguza au uliniunguza sikusikia. Naye akajaribu kujizuia, ikashindikana, akacheka mpaka akakaa chini. Jirani akaingia na ungo wake, akatutazama tumekaa na mavi ya sungura katikati na kanga yake chini.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sungura kapona, heshima imekufa. Fundi, utalipa jogoo."

"Nitalipa."

"Na kanga yangu uifue."

"Nitaifua."

Jogoo alimleta kweli Jumapili, mwekundu mkubwa, kwa sababu kwetu mkwe akikosea adabu namna ile anatoa kuku, na akishatoa, kamba iliyokuwa katikati inalegea. Tangu hapo aliingia jikoni kwangu. Hakuzoea upesi. Alikuwa anapiga hodi hata mlango ukiwa wazi, na mpaka nilipofikia uzee huu bado anachuchumaa kunisalimu, hilo hakuliacha. Lakini aliniwekea mifuko juu ya dari kwa mikono yake.

Sungura alianza na jani moja la matembele, akala nusu, akaliacha, mtoto akalihifadhi lile nusu kwenye daftari. Siku zilivyokwenda akala mawili. Akakonda, lakini akasimama.

Binti yangu alirudi na basi la jioni, robota mgongoni kwa mchukuzi, vumbi la Njombe lote kichwani. Mtoto ndiye aliyemfungulia, sungura amemkumbatia kifuani, miguu inaning'inia. Mama yake akamtazama sungura, akasema, "Mbona amekonda hivi? Si nilisema nimkute amenenepa?" Nikamwona mkwe wangu pale mlangali anaangalia chini, anatabasamu. Mimi ndiye niliyesimulia yote, na nilipomaliza chakula kilikuwa kimepoa.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Jirani anadai mimi ndiye niliyeikata ile kamba kwa kushtuka, si mkwe, na kwamba doa la sungura lilikuwa sikioni. Mimi naona mgongoni. Mjukuu sasa ana watoto wake, na baba yake bado anashika spoku kwa miwani. Wakisoma hapa wakaona nimekosea, waje waniambie. Mkwe naye aje, apige hodi tu, nitamfungulia.